Usipoipenda, Irudishe Tu

Ghuba ya Tizzard haina siri. Ukinunua kochi jipya, watu watajua bei yake kabla hujalikalia. Na asubuhi, ukipita nyuma ya nyumba ya Pomeroy, utasikia kodiani ikikohoa bandani. Inakohoa mara moja, inanyamaza, inakohoa tena. Hapo utajua kwamba Leander Pomeroy ameamka, na mgongo wake leo una nafuu.

Leander alifanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda cha samaki. Siku moja sanduku la barafu lilimwangukia mgongoni. Kiwanda kilimpa keki na kadi ya pole, basi. Tangu siku hiyo hawezi kuinua kitu kizito kuliko birika la chai. Lakini vidole vyake ni vizima. Akaanza kutafuta kodiani kuukuu, zile zinazosahaulika juu ya makabati ya marehemu. Alizifungua, akazisafisha, akabadilisha vile vilimi vya chuma vinavyotoa sauti, akaziba mivukuto ya kusukuma hewa iliyotoboka. Kodiani iliyoingia bandani ikiwa bubu ilitoka ikiimba.

Mkewe, Loretta, ndiye aliyeziuza. Alizipiga picha juu ya meza ya jikoni, akazitangaza kwenye soko la mtandaoni ambako watu huuziana vitu vilivyotumika. Loretta ni mfupi wa kimo, lakini ukimwudhi utadhani wamesimama watu watatu mbele yako.

Leander alikuwa na sheria moja. Kodiani haitoki bandani mpaka apatikane mtu wa kuichezea.

"Kodiani isiyomnyanyua mtu kitini bado inaumwa," alisema.

Kwa hiyo akimaliza kuitengeneza aliipiga, na yeyote aliyekuwa karibu alilazimika kucheza. Muuguzi alicheza. Padri naye alicheza, kwa hasira kidogo, lakini alicheza. Kisha Leander alichukua penseli, akaandika ndani ya kodiani, kwenye mbao kando ya vilimi, jina la mchezaji na tarehe. Ndipo alipofunga skrubu.

Loretta naye alikuwa na desturi yake. Mwisho wa kila tangazo aliandika: "Usipoipenda, irudishe tu."

Watu wa Ghuba ya Tizzard husema hivyo kwa kila kitu. Ukinunua jemu, buti au boti, utaambiwa usipoipenda irudishe tu. Ni adabu, kama kumwambia mgeni karibu tena. Hakuna anayerudisha. Mara ya mwisho mtu kurudisha kitu pale ilikuwa ngazi, na ngazi yenyewe ilikuwa ya kuazima.

Mwisho wa Novemba, Loretta aliuza kodiani nyekundu kwa dola mia sita na arobaini. Mnunuzi aliitwa Trent Wadlow, mtu wa Alberta, jimbo la mbali. Tarehe mbili Desemba mzigo ulifika, Trent akatia saini, akaandika kwenye soko: "Imefika. Nzuri sana." Loretta akafurahi. Ile hela ikaingia yote kwenye tangi la mafuta ya kupasha nyumba joto, maana baridi ya huko haina huruma.

Krismasi ikapita. Januari ikapita. Tarehe ishirini na nne Februari, theluji ikiwa imefika kwenye kizingiti cha dirisha, Loretta alikuwa jikoni akikaanga maandazi. Simu ikalia. Akaisoma huku uma uko mkononi.

"Kodiani yenu ni takataka," aliandika Trent Wadlow. "Vitufe vimekwama. Ndani imeoza. Mliandika irudishe tu. Nataka hela yangu yote leo. Nitumieni moja kwa moja benki, nje ya soko, namba zangu hizi hapa chini. Mkikataa naiambia benki yangu iivute, na nitawaandika vibaya mpaka mfunge duka."

Maandazi yakaungua. Loretta hakuyaona. Alivaa buti, akavuka uwanja hadi bandani, akamsomea mumewe kila neno.

Leander aliweka bisibisi chini.

"Imeoza?" aliuliza. "Kila kilimi nilikigusa kwa mkono wangu mwenyewe."

"Najua."

"Basi mlipe."

"Kwa lipi?" Loretta alipaza sauti. "Miezi mitatu amekaa nayo kimya!"

"Tuliandika irudishe. Ahadi ni deni, Loretta."

"Hela iko kwenye tangi, mume wangu. Tunaiota sasa hivi!"

"Tutakopa." Leander alichukua kitambaa, akaifunika kodiani iliyokuwa wazi mbele yake. "Labda na mikono imeharibika kama mgongo. Labda yatosha sasa."

Aliondoka bandani bila kuzima taa. Loretta akabaki amesimama. Hela ilimuuma, ndiyo, lakini si kama kile kitambaa. Kodiani ndiyo kazi pekee aliyobaki nayo mumewe duniani. Akiiacha, atakaa dirishani akihesabu magari, na katika Ghuba ya Tizzard magari ni machache.

Kwa hiyo Loretta aliamua kulipa, ili mambo yaishe. Alirudi jikoni, akakaa, akaanza kuandika namba za benki ya Trent Wadlow kwenye simu yake.

Mlango ukafunguliwa. Hakuna anayebisha hodi katika ghuba ile.

"Nyumba nzima inanuka moshi," alisema Selina Keeping. "Nimedhani mmeamua kumchoma paka wenu."

Selina ni jirani yao. Alikaa mjini miaka kumi na moja, akifanya kazi katika ofisi ya benki inayopokea malalamiko ya kadi. Sasa amerudi nyumbani kumtunza mama yake. Sauti yake bado ni ya simu, tamu mwanzoni na ngumu mwishoni.

Loretta alimweleza. Selina akasikiliza akiwa amesimama na koti lake.

"Hebu weka hiyo simu chini, dada," alisema.

"Namalizia tu namba."

"Weka chini nimekwambia! Unajua unachofanya? Ukimtumia hela nje ya soko, soko halitajua kwamba umemlipa. Kesho huyo anaiambia benki yake hajaona hata senti. Benki inavuta hela kwenye akaunti yako. Utakuwa umelipa mara mbili, na kodiani bado iko kwake."

Loretta aliiachia simu kama sufuria ya moto.

Leander alikuwa mlangoni. "Lakini tuliandika maneno yale, Selina. Hatuwezi kuyakana."

"Nionyesheni."

Selina akasoma tangazo. Aliposhuka mwisho akapiga mluzi.

"Nani ameandika hivi bila tarehe?"

"Mimi," alisema Loretta. "Si ndivyo tunavyosema?"

"Ndivyo tunavyosema sisi. Hapa mtu akirudisha buti baada ya miezi mitatu, mama yake anapata habari kabla ya chakula cha mchana. Kwenye mtandao mtu hana mama, dada yangu. Humwoni, hakuoni. Usipotaja siku, atakutajia yeye. Usiposema kitu kirudi kikiwa na hali gani, atakurudishia chochote."

Loretta akaichukua simu tena. Akasoma maneno yake mwenyewe polepole, akifuata kwa kidole. Kisha uso wake ukabadilika.

"Ngoja kwanza," alisema. "Mimi nimesema irudishe. Irudishe kodiani! Nimesema wapi kwamba abaki nayo na hela nimpe?"

"Hapo sasa," alisema Selina, akavua koti.

Loretta akaanza kuandika jibu kwa vidole viwili, akigonga kioo kama anayeua mbu. Selina akachungulia. Neno la kwanza lilikuwa "mwizi". La pili halifai kuandikwa hapa.

"Futa," alisema Selina.

"Ni kweli lakini!"

"Hata kama ni kweli. Kila unachoandika kuna mtu ofisini atakisoma, na kikombe cha chai mkononi. Mimi ndiye niliyekuwa mtu huyo. Mwenye matusi nilimwona mkosaji hata alipokuwa na haki. Andika ujumbe mfupi, mpole, mgumu. Na andika humohumo sokoni, ili maneno yabaki."

Wakaandika pamoja. Jibu lilikuwa hivi:

"Bwana Wadlow, ulipokea mzigo tarehe 2 Desemba, na siku hiyo uliandika kwamba ni nzuri sana. Leo ni siku ya themanini na nne. Hata hivyo tuliandika irudishe, na neno letu tunalishika. Irudishe kupitia soko hili, kwa mzigo wenye namba ya kufuatilia. Tutaifungua na kuikagua. Ikiwa ni ileile, na iko kama ilivyotoka kwetu, utarudishiwa hela yako hapahapa sokoni. Nje ya soko hatutumi hela."

"Kwa nini nimwite bwana?" alinung'unika Loretta.

"Bwana ni bure. Tuma."

Siku mbili baadaye Trent Wadlow alikwenda benki yake. Alidai ameuziwa kitu kibovu. Soko likazuia dola mia sita na arobaini kwenye akaunti ya Pomeroy. Kwa kuwa hela ile ilishatumika, akaunti ikashuka chini ya sifuri, na matangazo yao yote yakafichwa. Kodiani tatu zilizokuwa zikisubiri wanunuzi zikawa kama hazipo duniani. Barua ya soko ilisema: mna siku saba za kujibu.

"Unaona?" alisema Leander. "Mwenye nguvu mpishe."

"Simpishi," alisema Loretta. "Ningekuwa mtu wa kupisha watu, ningekupisha wewe siku ile ulipokuja kuniposa umelewa."

"Nilikuwa nimekunywa kidogo."

"Ulimposa shangazi yangu kwanza!"

Selina aliitwa. Alikuja na daftari na mkate wa zabibu.

"Mimi sielewi," Loretta alimwambia. "Soko lilisema mnunuzi ana siku thelathini za kulalamika. Zimepita kitambo. Sasa huyu amepitia wapi?"

"Dirisha la soko limefungwa. Benki ina mlango wake, nao huchelewa kufungwa. Kadi nyingine huwapa watu miezi kadhaa, kila benki na utaratibu wake. Ndiyo maana wajanja huja wamechelewa. Wanajua muuzaji ameshafuta picha, ametupa risiti, amesahau tarehe. Na wauzaji wengi wakiona barua ya benki wanaogopa, wanakaa kimya. Siku saba zikipita bila jibu, umeshindwa. Hushindwi kwa kuwa una makosa. Unashindwa kwa kuwa hukutokea."

"Mimi nitatokea," alisema Loretta.

Akaleta kopo la biskuti. Ndani ya kopo lile kulikuwa na kila risiti ya posta tangu wafungue duka, maana Loretta hatupi karatasi. Wakaipata ya tarehe ishirini na tano Novemba, yenye namba ya kufuatilia mzigo. Selina akaingiza namba ile kwenye simu. Ikatokea saini ya Trent Wadlow, na siku aliyopokea. Wakapiga picha ya skrini. Wakapiga nyingine ya maneno yake "Imefika. Nzuri sana." Wakapiga na ya ujumbe wake wa kutaka alipwe nje ya soko.

"Huo ni mtamu," alisema Selina. "Mtu mwenye haki hahitaji kupita dirishani."

Kisha akafungua picha ambazo Trent aliipa benki, zilizokuja na barua ya soko. Ya kwanza ilionyesha kodiani nyekundu mezani, ya kampuni ileile na umbo lilelile. Ya pili ilionyesha kodiani hiyo imefunguliwa. Mbao zimeota ukungu. Vilimi vimeshika kutu. Mvukuto umechanika.

Leander aligeuza uso ukutani.

"Sitaki kuona."

Loretta alimwendea, akamwekea simu chini ya pua.

"Utaona. Kama hii ni kazi yako, niambie. Nitakopa, nitalipa leo, na sitasema neno tena. Lakini niambie wewe, asiniambie yule."

Leander akavaa miwani. Akaikuza ile picha kwa vidole viwili. Akaisogeza huku na huku, akifuata mstari wa vilimi.

"Jina liko wapi?" aliuliza Leander.

"Jina gani?"

"Hapa. Kando ya vilimi. Ninaandika hapa kila mara. Mbao hii haijaguswa na penseli tangu itoke kiwandani." Alivua miwani, akaivaa tena. "Hii si kodiani yangu, Loretta. Hii sijawahi kuifungua mimi. Huyu ana kodiani mbili!"

Loretta alikuwa ameshafungua tangazo lake la zamani. Kulikuwa na picha tisa. Ya saba alikuwa ameipiga kwa kupenda tu, kwa sababu mwandiko wa mumewe ulimpendeza. Ilionyesha ndani ya kodiani nyekundu, mbao safi, vilimi vinang'aa, na maandishi ya penseli: "Amecheza Selina Keeping, 19 Novemba."

Selina akasogea, akasoma. Masikio yake yakawa mekundu.

"Shemeji, usiniambie ni ile."

"Ni ileile," alisema Leander.

"Na video ipo," alisema Loretta.

"Video gani?"

Loretta akaibonyeza. Leander alikuwa ameketi kwenye kigoda, anapiga kodiani nyekundu, kila kitufe kinalia sawasawa. Mbele yake Selina Keeping, mwenye buti za mpira, alikuwa akirusha miguu kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto. Kofia ikamdondoka. Akaikanyaga. Akaendelea.

"Hiyo haiendi," alisema Selina.

"Inaenda."

"Loretta, miaka kumi na moja nilivaa suti mbele ya watu wa benki!"

"Safari hii watakuona na buti. Wewe si ndiye uliyesema ushahidi ni ushahidi?"

Leander alicheka mpaka akashika mgongo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kile kitambaa. Selina alimtazama, akapumua, akakata kipande kikubwa cha mkate.

"Haya. Itume. Lakini mkiniita mchezadansi barabarani, sitawajibu."

Jibu lao kwa benki lilijaa ukurasa mmoja tu. Selina aliwakataza kupita hapo.

"Tarehe kwanza. Halafu ushahidi. Usiseme yeye ni mwongo. Sema picha yetu namba saba ina maandishi ya penseli, picha yake mahali palepale haina kitu. Sema kodiani haijarudishwa mpaka leo ingawa tumeiomba. Watu wa benki wana macho. Waache wafike wenyewe."

Walituma siku ya nne.

"Bado tuna siku tatu," alisema Leander.

"Siku ya mwisho mtandao wa ghuba hii huwa una mafua," alisema Selina.

Wakangoja. Ilikuwa ngoja ndefu, wiki tano na ushee. Duka limefungwa, tangi linapungua, Loretta anavaa sweta mbili na kusema hana baridi. Lakini kesho yake baada ya kutuma, asubuhi, kodiani ilikohoa bandani. Leander alikuwa amekiondoa kile kitambaa.

"Nani atanunua, na duka limefichwa?" Loretta alimuuliza, ili amsikie atakavyojibu.

"Litafichuliwa," alisema Leander bila kuinua kichwa.

Wiki ya tatu Trent Wadlow aliandika tena. Sasa alikuwa mpole ghafla. Mkinipa nusu, alisema, nitafuta lalamiko, tusisumbuane.

Leander alikuna kidevu. "Nusu si mbaya sana."

"Nusu ya uongo ni uongo," alisema Loretta. "Akitaka hela, njia anaijua. Airudishe kodiani!"

Alimjibu mstari mmoja, mpole, wenye neno bwana mwanzoni. Kisha akapiga picha ya skrini ya ombi lile, akaipeleka kwenye faili la lalamiko bila kuambiwa na mtu. Selina alipopata habari alisema, "Mwalimu sasa anaweza kwenda likizo."

Trent hakuirudisha kodiani nyekundu. Angeirudishaje, naye alikuwa anaitaka? Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukingoni.

Tarehe tisa Aprili jua lilitoka, na Loretta alikuwa uwanjani akianika shuka. Simu ikalia mfukoni. Akasoma. Akasoma tena. Akakimbia hadi bandani, vibanio vya nguo viwili mdomoni.

"Mmm! Mmm mmm!"

"Nini?" Leander alishtuka. "Moto?"

Loretta akatema vibanio. "Lalamiko limekataliwa! Hela imeachiliwa! Matangazo yamerudi yote!"

Leander aliichukua kodiani iliyokuwa mezani, ya kijani, akaipiga papo hapo, ingawa skrubu mbili zilikuwa bado wazi.

"Imepona," alisema. "Nani ataichezea?"

Loretta alitazama nyuma. Hapakuwa na mtu. Miaka yote alikuwa mpiga picha, hakuwahi kucheza. Akavua sweta moja, akacheza pale kwenye vumbi la mbao, na alicheza kwa nguvu zote, maana ile ilikuwa hasira ya wiki sita inatoka miguuni. Leander akaandika ndani: "Amecheza Loretta, 9 Aprili." Na kabla hajafunga skrubu, Loretta alimshika mkono.

"Ngoja. Picha kwanza."

Jioni hiyo Selina alikuja kuwasaidia kuandika tangazo jipya. Alikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa mwisho.

"Haya maneno ya irudishe tu, yafute."

"Siyafuti," alisema Loretta.

"Baada ya yote haya?"

"Maneno ni ya mama yangu, na ya mama yake. Mwizi mmoja wa Alberta hawezi kuninyang'anya adabu ya kwetu. Yatabaki. Ila nitayaotesha meno."

Wakabishana, wakanywa chai yenye maziwa ya kopo, wakaandika hivi: "Usipoipenda, irudishe tu. Una siku kumi na nne tangu uipokee. Tuandikie kwanza humu sokoni. Irudi ikiwa kama ilivyotoka kwetu. Ndani kuna alama yetu, na picha ya alama hiyo tunayo. Tutaifungua mbele ya kamera, kisha utarudishiwa hela yako humuhumu."

Kodiani ya kijani ilinunuliwa na fundi seremala wa Nova Scotia, akimnunulia mama yake. Siku ya tisa aliandika kwa aibu. Vidole vya mama vimevimba, vitufe ni vidogo, je, anaweza kuirudisha?

Leander alinyong'onyea. "Yale yale."

"Siyo yale yale. Huyu ameuliza, na siku zake zipo."

Mzigo ulirudi. Loretta aliuweka mezani, akaegemeza simu kwenye kopo la biskuti irekodi, akafungua skrubu moja moja. Ndani, kando ya vilimi, lilikuwepo jina lake na tarehe tisa Aprili. Kodiani ilikuwa safi, na yule seremala alikuwa ameifunga vizuri kuliko walivyoifunga wao. Kabla birika halijachemka, Loretta alikuwa amemrudishia hela yake yote, kupitia soko. Seremala akawapa nyota tano kwa kodiani ambayo hakubaki nayo.

"Kumbe watu hurudisha," alisema Leander.

"Ukiwaambia mwisho ni lini."

Trent Wadlow naye alikuwa ameacha lake. Wiki ile aliposhindwa, aliwapa nyota moja na maneno mawili: "Watu wakaidi." Selina alimwambia Loretta kwamba soko linaweza kuombwa liyaondoe, maana lalamiko lenyewe limekataliwa. Ni fomu fupi tu, dakika tano.

Loretta alikataa. Maneno yale bado yapo kwenye duka lao, juu kabisa, mahali kila mnunuzi anayaona. Chini yake muuzaji ameandika jibu lake: "Ni kweli, bwana."